Kapita alijibu na sauti yangu

Chadrack, uko? Shika simu, ndugu yangu. Kapita anakufa. Kasuku wangu!

Nilienda kisiwa ya Chisenga kutafuta samaki, kulala siku moja tu. Mavimbi ikatufunga kule siku ine, hakuna boti iliyotoka. Sikuaga mutu. Unanijua, mi siagaka.

Sasa sikia. Mama Matildah, ule jirani, anapiga mulango: "Muzee Félix, uko muzima?" Ndani sauti inamujibu: "Niko, kuya kesho!" Sauti YANGU, Chadrack! Njo vile naambiaka batu ba kanisa bakikuya kunisumbua. Kila akipiga, "Niko, kuya kesho." Naye anarudi kwake.

Kumbe Kapita alimwanga mayi yake yote, kiu inamumaliza. Na bado anajibu kuya kesho! Angelia kama ndeke, bangevunja mulango mapema.

Aliponyamaza njo balivunja. Bakanikosa ndani, bakasema nimezama mu ziwa.

Nafika na samaki yangu mukononi, nakuta banamuke pa mulango bananilia mimi. Mama Matildah akanikamata shati: "We muzee mubaya! Tunakulilia hapa, kumbe unakula samaki!" Nikamupita, nikaingia ndani. Kapita alikuwa chini, macho imefunga.

Niko namupa mayi na kidole, tone moja moja. Namuita, hajibu. Nimemuapia sitatoka tena bila kuaga. Mimi, Chadrack! Nimesema vile.

Ngoja

Amefungua jicho. AMESEMA! Lakini si na sauti yangu. Na sauti ya Mama Matildah, polepole: "Muzee Félix, uko muzima?"

Nimemujibu niko. Nalia tu.