Nilimvuta Mkono Mkwe Wangu

Bi Desanka mpenzi, naomba unisikilize hata kama utanitukana, maana kwa padri nimekwenda mara mbili na mara mbili nimerudi sijafungua mdomo.

Kaka yangu Radisav alianguka siku ya mtakatifu wa ukoo wetu, Mtakatifu Nikola, nyumba imejaa wageni, samaki wako mezani, yeye amesimama na glasi yake anatania, "Kuleni jamani, Verica kapika kama jeshi linapita!" na hata hakumaliza kucheka, akaenda chini na kitambaa cha meza mkononi, na sisi tukafanya yale tunayofanya siku zote, mmoja akafunga madirisha upepo usimpige, mwingine akakoroga maji ya sukari, mimi nikamfungua shati nikaanza kumsugua kifua kwa rakija, ile pombe kali ya plamu, ndipo mkwe wangu Bojan, mume wa binti yangu Jagoda, akapiga kelele, "Mama, toka hapo! Huyu hapumui! Pigeni simu gari la wagonjwa!" akapiga magoti akaanza kumbana kifua kwa mikono miwili, kwa nguvu kama anakanda unga, na wewe unajua Bi Desanka, kila mwenye leseni ya gari kwetu ana cheti cha huduma ya kwanza, na nusu yao darasani walitia sahihi wakaenda zao kunywa kahawa, basi nikadhani Bojan naye ni wale wale.

Mara nikasikia ubavu wa kaka yangu unalia, kah! Nikapiga yowe, "Unamuua, mshenzi wewe!" nikamshika mkono nikamvuta, akasema, "Mama niache, mbavu hupona," nikazidi kuvuta, na wajomba wawili wakanisaidia kumtoa, tukarudi kwenye rakija yetu na maji yetu ya sukari mpaka gari lilipofika, dakika kumi na moja, na Radisav alikuwa ameshakata roho.

Daktari aliyekuja na gari akanikuta kwenye korido ya nyumba akaniuliza, "Aliyekuwa anambana kifua, kwa nini aliacha?" na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Alikuwa hajui anachofanya." Wifi yangu Verica, mke wa marehemu, ambaye tunaishi naye ua mmoja, alikuwa amesimama mlangoni, akalichukua neno lile kama lilivyo, na sasa mji mzima unasema Bojan ndiye aliyemuua Radisav, sokoni wanamwita Mvunja Mbavu, na Verica ameapa kwamba kwenye arobaini, Jumamosi hii, Bojan asikanyage kwake wala asiwashe mshumaa kaburini. Juzi Bojan alikuja jikoni kwangu, hakukaa, akasema, "Mama, ulikuwepo. Sema neno moja tu." Nikamuuliza kama amekula.

Jagoda hanipigii simu tena. Nikisema ukweli Verica atanifukuza kwenye kaburi la kaka yangu mwenyewe, nikinyamaza nimempoteza mwanangu, na kuna swali moja siwezi kumuuliza mtu yeyote ila wewe usiyenijua sura: angepona?

Dada wa marehemu, Bonde la Morava

*

Dada wa marehemu,

Nianze na hilo swali la mwisho, maana ndilo linalokutesa. Sijui. Hata daktari hajui. Wengi hufa hata wakibanwa kifua vizuri. Lakini moyo ukishasimama mtu hana bahati nyingine mpaka gari lifike, na bahati ya kaka yako ilikuwa kwenye mikono ya Bojan, nawe ukaivuta ukaitoa. Pole sana. Nasema pole kwa dhati, kwa sababu mama yangu naye alimsugua baba yangu rakija, na chupa nilikuwa nimeishika mimi.

Pale sakafuni ulikuwa hujui, na kutojua nakusamehe. Kwenye korido ulijua. Ulipewa swali la kweli ukamtupia kijana wa watu msiba wako, na hadi leo unamwangalia akiubeba sokoni. Eti amekula! Hivi mama, huoni haya?

Sikia, na ninyi wasomaji wengine wenye vyeti vya kahawa sikieni. Ubavu huvunjika, mara nyingi tu. Ukisikia mlio, endelea. Asiyepumua hanyweshwi kitu, hasuguliwi, na dirisha halimhusu. Piga mia moja tisini na nne uite gari la wagonjwa, weka viganja katikati ya kifua, bana kwa nguvu na kwa haraka, ukichoka mpokeze mwenzako, na msiache mpaka wenye kazi yao wafike. Bojan hakwenda kunywa kahawa. Alikuwa mtu mmoja katika nyumba nzima aliyesikiliza darasani.

Sasa nenda kwake leo, usingoje Jumamosi. Usianze na "nilishtuka," wala "sote tulikosea." Sema, "Nilikuvuta mkono, halafu nikakusingizia." Kisha Jumamosi, kabla ngano ya kuchemshwa ya kumkumbuka marehemu haijazungushwa kwa wageni, simama mbele ya wale wale waliokuwepo, useme daktari aliuliza nini na wewe ulijibu nini. Verica akikufukuza, toka. Utasimama nje ya geti, pale pale ulipomweka Bojan. Na Jagoda usimdai msamaha, atakupa akitaka.

Jambo moja zaidi. Kabla hujaondoka kwa Bojan, piga magoti sakafuni umwombe akuonyeshe mikono huwekwa wapi. Verica sasa analala peke yake, na siku akianguka yeye, mtu wa karibu kuliko wote ni wewe.

Desanka