Vigae Anavyoviruka Mchumba Wangu

Mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana nyumbani hili sina wa kumwambia. Mimi na mama ni wasusi, tunasuka watu ufukweni, yeye ana mkono mwepesi na mimi mitindo mipya nimejifunza mwenyewe kwenye simu. Hapo ufukweni ni mabati na vumbi tu, wanajenga njia ya watu kutembea, wanamaliza, inabomoka, wanaing'oa, wanajenga tena, na kwenye mabati wamebandika picha ya watu wanaocheka wakisukuma mtoto kwenye kigari, picha imeshapauka na njia haijaisha. Kila wakihamisha mabati na sisi tunahamisha viti.

Mchumba wangu ni fundi vigae hapo hapo. Siku ya kwanza nilimfokea kwa sababu ya vumbi, akarudi na ndoo ya maji akayamwaga mbele ya viti vyetu, mama akasema huyu kalelewa. Jioni akinisindikiza ananishika mkono, ananivuta huku, ananirudisha kule, mara ananizungusha kama tunacheza muziki, nami nacheka, najiambia jamani nimependwa.

Mwezi uliopita mama alikanyaga kigae kikazama, akaanguka, akavunjika mkono wa kulia. Mchumba wangu ndiye aliyembeba hadi hospitali. Sasa mama anamwita mkwe mbele ya kila mteja, mafundi wote anawalaani isipokuwa yeye. Vidole vyake havikunjiki, akishika kitana kinadondoka, anasema kitana kimelewa. Ameapa atanisuka mwenyewe siku ya harusi, kila asubuhi anafinya soksi iliyoviringishwa ili vidole virudi.

Juzi tukapita pale mama alipoangukia. Akanizungusha. Nikarudi nikakigonga kwa kisigino kigae alichoniepusha nacho, kikalia kama debe tupu. Nikagonga na kingine alichokiruka, vilevile. Nikamuuliza kama anavijua, hakubisha. Akasema chini hakuna zege, ni mchanga tu, bosi wao ndivyo alivyotaka, maji yakipanda yanauchota na juu panabaki panang'aa, na akisema ataondoka yeye, kigae kitabaki.

Nikamuuliza, "Na mama?"

Akasema, "Mama sikuwa nimemshika mkono."

Mshauri, nampenda, na huo mkono wake nikiushika sasa nauachia. Nimwambie mama, au ninyamaze harusi ipite?

Binti wa msusi


Binti wa msusi, marahaba, na mama mpe pole zangu.

Unaniuliza unyamaze? Mama yako anafinya soksi kila asubuhi kwa ajili ya kichwa chako, halafu wewe ukae mbele yake siku hiyo, umtegee kichwa, ukijua? Hutaweza. Utalia, na watu watadhani ni furaha.

Huyo kijana sisemi ni katili. Anaogopa kibarua kuota nyasi, na waliomwagiza mchanga wala hawapiti hapo kwa miguu. Lakini amefanya hesabu yake, akakuokoa wewe mmoja, wengine wote akawaacha wakanyage. Ukiolewa naye utakuwa salama siku zote ambazo amekushika. Siku akikuachia, je?

Na wewe usijifiche nyuma yake. Tangu juzi wamepita watu wangapi juu ya vigae ulivyovigonga kwa kisigino chako? Ukaona uniandikie mimi, niliye mbali, ambaye siendi huko kutembea!

Fanya hivi. Leo mwambie mama, wewe mwenyewe, yote, hata lile neno la mkono. Kama huyo bado ni mkwe, ataamua mwenye mkono uliovunjika, na wewe utamheshimu. Kesho nunua kopo la rangi nyekundu, nenda mchana kweupe, gonga, kinacholia kitupu kipige alama. Mabosi watakuja juu. Waache waje, hakuna sheria inayokukataza kuwaonya watu wasivunjike.

Mchumba wako atakuona. Akipiga magoti kando yako akachukua brashi, bosi wake akitazama, basi mna la kuzungumza. Akija kukushika mkono akuondoe hapo, safari hii usivutike.