Tonge la Neema Huku Stockholm

Dada Wakio,

Wee, macho yangu yameona! Niko Stockholm. Mimi mdogo wako, niliyekuwa naogopa hata lifti ya hospitali kule Mombasa, nimeshuka chini ya ardhi kwa ngazi zinazotembea zenyewe, nimemshika mwanao Neema mkono kama mtoto wa chekechea. Huku treni inapita ndani ya mwamba, dada. Mwamba wenyewe hawakuuficha, wameupaka rangi tu, na pale Hallonbergen anapokaa Neema kuta za stesheni zimejaa michoro ya watoto. Nilisimama nikatazama mpaka shingo ikauma. Nikasema kwa sauti, Mungu wangu, mwanadamu huyu! Watu wakanipita bila hata kunigeukia.

Na jua la huku! Tunakula cha jioni, tunaosha vyombo, tunasali, nalo bado liko dirishani kama mgeni asiyejua kuaga.

Kwetu Wundanyi ng'ombe wako amezaa ndama jike. Kanisani kiti chako hakikaliwi, hata mama mchungaji anakiruka. Mimi... mimi nipo.

Lakini wajua sikuja kutembea tu. Unaijua mila ya nyumba yetu: mfiwa hulishwa tonge la kwanza la kimanga, maharagwe na ndizi zilizopondwa pamoja, na mkubwa wake, kwa mkono, ndipo alie mpaka amalize, ndipo msiba umwachie. Neema alikuzika kwenye simu. Vibali vyake vilikuwa bado vinashughulikiwa, angetoka asingerudi. Pale kaburini, udongo ukiwa mbichi, nilikuahidi nitamfuata nimlishe.

Basi nilipofika nikauliza sufuria iko wapi. "Ma'mdogo, uko likizo, leo tunakula nje." Kesho yake hivyo hivyo. Kila asubuhi ana safari: kivuko, kasri la mfalme, vichochoro vya mji wa kale. Nikikutaja tu, anaangalia basi linakuja saa ngapi. Anacheka sana, anapiga picha sana, na usoni amekauka. Hajalia hata chozi moja, dada, tangu siku ile. Nilianza kuogopa kwamba nitarudi na ahadi yako mkononi.

Sitakudanganya lakini, nilifurahia. Mji mzima umekaa juu ya visiwa, na maji yake ni safi mpaka watu wanaogelea katikati ya mji, karibu na maofisi! Nilikula samaki aliyelowekwa kwenye siki na sukari, hajaona moto. Huyo nilimmeza kwa imani. Halafu akaniletea andazi lililosokotwa. Nikauma. Iliki! Iliki ya chai yetu ya Krismasi, huku kwenye nchi ya baridi! Wameijulia wapi? Nikaongeza la pili, na la tatu nikalifunga kwenye leso, Neema akaona haya.

Leo, siku yangu ya mwisho, akanipeleka kuona merikebu. Hiyo ilijengwa na mfalme wao zamani sana, ikapambwa simba na malaika wa mbao, ikazama siku ile ile ilipong'oa nanga, hata mji haijauacha, na watu wamesimama ufukweni wanaiaga. Ikalala chini karne na karne. Halafu wakaiinua, nzima, nyeusi, ndefu kupita kanisa letu. Niliingia nikavua kitambaa kichwani bila kujua kwa nini. Neema, aliyezoea kunivuta twende, alisimama akaitazama, akasema polepole, "Walikuja kuaga tu." Akageuka haraka. Nikajua mlango umefunguka kidogo.

Tukaenda kula jirani na hapo. Wakatuletea vidonge vya nyama ya kusaga, mchuzi mweupe, jemu ya matunda madogo mekundu (jemu na nyama, dada!), na viazi vilivyopondwa, laini, vya moto. Nikaviangalia. Maharagwe hamna, ndizi hamna. Nikasema potelea mbali, marehemu atanielewa, nikaenda kunawa.

Niliporudi nikafinya tonge kwa vidole, kwenye sahani ya Wazungu, nikalichovya mchuzi. Nikamwambia, "Neema binti Wakio, mama yako tumemzika. Fungua mdomo." Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Ma'mdogo, si hapa." Mkono wangu ukabaki hewani. Nilijua nikiushusha sitaweza kuuinua tena.

Akafungua.

Alilia, dada. Alilia kwa ile sauti ya milimani kwetu, vijiko vya watu vikasimama, na mimi nikamwacha alie. Mhudumu akaja mbio, akatuona, akaweka glasi za maji taratibu akaondoka.

Alipotulia akajifuta uso, akaingiza vidole kwenye viazi, akafinya tonge lake. "Na wewe, ma'mdogo, ulilishwa na nani?"

Alipokufa mama ulinilisha wewe. Alipokufa baba, wewe. Ulipokwenda wewe nilikuwa natafuta turubai, napakulia wageni, naambiwa na kila mtu pole mama, jikaze. Mkubwa wangu alikuwa ndani ya sanduku. Hakuna aliyekumbuka, hata mimi mwenyewe. Na kwa mila mdogo halishi mkubwa, unajua hivyo na Neema anajua. Lakini alikuwa amenyoosha mkono, na vidole vile ni vyako, dada, hata kucha.

Nikafungua mdomo.

Sasa ninaandika macho yamevimba, mizigo iko mlangoni. Neema amesema Desemba atakuja nyumbani, vibali vimetoka, nami nitamleta mpaka kaburini pako nikiwa nimemshika mkono. Nakuahidi hatalia peke yake tena. Na mimi sitajikaza tena, anayetaka kunisema aniseme.

Pumzika, dada. Nimeshiba.

Mdogo wako,
Mghoi