Usiuchome Ule Unga wa Miguu

Masumbwe, Jumatano.

Mdogo wangu Asteria, mama Salome,

Mwangaluka. Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa mmoja leo umegoma kufunguka. Habari za hapo Buseresere? Mahindi yamebeba? Na wewe mwenyewe, asubuhi unainuka bila kushika ukuta? Sisi tu wazima. Wajukuu wanakula kama nzige na kazi hawataki, kwa hiyo ni wazima kabisa.

Ninayesema ni mimi. Anayeandika ni mkamwana wangu Violeth, na nimemkataza kurembesha. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ukisikia usichopenda unakata halafu unasingizia mtandao. Wewe ulisoma ngumbaru. Soma mwenyewe, polepole, mpaka mwisho.

Salome ameniambia kwamba umeokoka, na kwamba Jumapili hii mtachoma dawa za kienyeji mbele ya kanisa lenu, pamoja na ule unga wa miguu ninaokuletea. Kuokoka ni kwako na Mungu wako. Mimi na rozari yangu sina neno. Lakini unga huo usiuchome, wala usiache kuunywa hata siku moja, kabla hujajua yaliyonipata.

Unakumbuka nilipokuwa napika chakula machimboni, mabega na viganja vikanishika hata kanga nikawa nafungiwa na watu. Muuza dawa mmoja akanipa vidonge vidogo vyeupe. Siku ya pili nikanyanyua sufuria la ugali peke yangu. Nikaona huyu ni malaika. Nimevimeza miaka minne, bila cheti, bila kumwuliza daktari yeyote. Uso ukajaa, nikanenepa, na kwenye harusi ya Magesa mkanisifu kwamba maisha yamenikubali. Hayakuwa maisha. Vilikuwa vidonge. Huku ngozi ya mikono ikawa nyepesi kama ganda la kitunguu, nikijigusa tu nachubuka.

Mwezi wa pili mwaka huu nikachoka kuchubuka, nikaviacha vyote siku moja. Siku ya nne nikaanza kutapika, dunia ikanizunguka, nikaanguka mashineni na debe langu la mahindi. Mwanangu Deogratias akanibeba hadi hospitali.

Daktari ni binti wa Kikurya, anaitwa Bhoke, hajamfikia Salome kwa umri. Alinigombeza mbele ya wagonjwa wote na mimi nikanyamaza, na Violeth anasema tangu aolewe hajawahi kuona jambo hilo. Alisema mwili una dawa ya namna hiyo unayoitengeneza wenyewe, ila ukiletewa ya dukani kila siku unaacha kazi, kama ng'ombe aliyezoea kukatiwa majani zizini. Ukimnyima majani ghafla anakufa na malisho yako pale nje. Kwa hiyo vidonge havikatwi, vinapunguzwa, tena kwa kipimo cha daktari. Nilianza na vinne kwa siku, sasa niko kwenye viwili na nusu, na kila anapopunguza nusu nasubiri wiki kadhaa. Sikudanganyi, inauma. Asubuhi nakaa kitandani mpaka jua linaingia ndani ndipo vidole vinanitii. Juzi nilimwomba Bhoke anirudishie vinne. Alikataa, akapima damu, akaniongezea dawa nyingine ya viungo, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili.

Sasa keti, kama hujaketi.

Ule unga si mizizi ya mama yetu kama nilivyokuambia. Ni majani ya mlonge, na ndani yake nimetwanga vidonge vilevile vyeupe. Mume wako alipofia wodini uliapa hutameza tena kitu cha hospitali, na mimi nilikukuta unatambaa kwenda chooni. Sikuweza kukuangalia. Nikakutwangia. Ulipoinuka ukatangaza kijiji kizima kwamba mkono wa dawa wa mama yetu umeniangukia mimi, na mimi, Asteria, nilifurahi. Watu wakaja kuniomba, nikawafukuza, lakini sikusema kweli. Miaka miwili nimekutwangia na kukudanganya usoni.

Kwa hiyo ukiuchoma Jumapili, wiki ijayo utaanguka kama nilivyoanguka mimi, na wewe unaishi peke yako.

Mchungaji wako mwambie hicho si mzizi, ni kidonge, hakuna pepo ndani yake. Ukishasoma hii, asubuhi yake kunywa kijiko chako kama kawaida, kisha nenda hospitali na mfuko wa unga na karatasi ya Bhoke ya vidonge hivyo niliyoiweka humu. Useme yote, na jina langu ulitaje. Wao ndio watakaokupangia namna ya kupunguza. Ukitapika au kichwa kikizunguka kabla hujafika, usilale ukisubiri kupona, ita watu wakubebe.

Kunichukia ni haki yako. Nichukie mwaka mzima, uninyime salamu, ila unichukie ukiwa hai.

Msalimie Salome na majirani wote wanaoniita mganga. Waambie mganga mwenyewe anatibiwa. Violeth anakuamkia, anasema shikamoo. Mungu akulaze salama na akuamshe na magoti yako yote mawili.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Mektilda.
Dole gumba hapo chini nimeweka mwenyewe.