Sweta la Antje

Soltau, tarehe 4 Januari

Mdogo wangu Volkmar,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitini na si kitandani, na kwamba mshono wa kifuani hauumi tena ukikohoa. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Jochen anakusalimu, mama yake Irmtraud anakusalimu sana, na Fiete yu hai. Najua unalitafuta jina lake tangu mstari wa kwanza, ndiyo maana nimelitanguliza. Mbwa wako yu hai, anakula, anatembea mpaka langoni na kurudi. Yaliyobaki yasome polepole, na kama muuguzi yuko karibu mwombe kikombe cha chai kwanza.

Kwenye kadi yako uliniuliza kama sikukuu zilikuwa njema. Zilinichefua, mdogo wangu, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Unanijua, tangu utotoni mimi ni mtu wa kinyaa. Wewe mwenyewe ulikuwa ukilamba kijiko changu makusudi ili nikuachie pudini. Sasa nifikirie mimi na mbwa wa miaka kumi na miwili anayenuka mdomo, anayejamba chini ya meza huku watu wanakatiwa bata bukini. Karatasi yako ya maelekezo niliibandika kwenye mlango wa friji, na nikaisoma kwa sauti mbele ya wageni wote: asipewe mafuta, asipewe mifupa, asivutwevutwe masikio. Ndugu wa Jochen wakaitikia vizuri kabisa. Nilipokwenda jikoni kufuata viazi, wakampa ngozi ya bata. Alitapika kwenye zulia, pale pale chini ya mti wa Krismasi, nao wakacheka! Shemeji yangu mmoja akaniambia, "Muache naye asherehekee, Gudrun, kwani yeye hana Krismasi?" Nikapiga magoti nikafuta peke yangu, wenyewe wanaendelea kutafuna.

Kisha zikaja fataki. Zilipoanza tu kuuzwa madukani, jirani yetu Brammer, mzee mzima mwenye wajukuu wanne, alianza kuzirusha uani mchana kweupe, ati anazijaribu. Nilimwendea nikamweleza kwamba nina mbwa mgeni mwenye moyo mbovu. Akanijibu kuwa mbwa wake mwenyewe hana habari nazo, na kwamba mbwa mwoga amelelewa na watu waoga. Nikamwambia ashukuru kwamba mimi nimelelewa vizuri. Asubuhi ya mwaka mpya barabara yetu yote ilikuwa vipande vya karatasi nyekundu vilivyolowa, chupa, na matapishi ya mtu kwenye nguzo ya lango langu. Hao ndio waliokuwa wakitakiana heri.

Lakini nisiruke. Siku ya mwisho ya mwaka niliifuata karatasi yako. Nilimtembeza Fiete kabla ya saa nane mchana, kwa kamba fupi. Nilifunga madirisha na mapazia ya chumba cha wageni, nikawasha redio kwa muziki wa taratibu, nikamwekea kikapu chake nyuma ya kochi, na ndani yake sweta la kijani la marehemu mkeo Antje. Dawa ya kutuliza sikumpa, kwa kuwa uliandika daktari wake kaikataza kwa ajili ya moyo. Hata hivyo, kuanzia saa kumi, giza lilipoingia na milio ikaanza, alilia. Hakubweka. Alilia kwa sauti moja nyembamba isiyokatika, akikizunguka kikapu na kukwaruza zulia. Sisi tulikuwa sebuleni, watu saba, jibini inayeyuka mezani na kunukisha nyumba nzima, na hakuna aliyesikia neno la mwenzake.

Hapa ndipo inapoingia pombe ya mayai. Unaijua, ile ya manjano, nzito kama uji. Tangu Krismasi Mama Irmtraud alikuwa akinisumbua nayo: enzi zao kila mbwa wa mtaa alionjeshwa siku ya mwisho wa mwaka, akalala kama mtoto aliyeshiba maziwa. Nilimkatalia mbele ya watu, nikamwambia huo ni uchafu na ushamba, na chupa nikaipandisha juu kabisa ya kabati la jikoni. Saa moja na nusu jioni kilio kikakatika ghafla. Baadaye tulipokwenda kumtazama, Fiete alikuwa amelala ubavu ndani ya mkojo wake, ndevu zimegandamana kwa umanjano, miguu ya nyuma haimtii, na pumzi inakoroma.

Jochen aliendesha gari, mimi nimempakata Fiete kwenye taulo. Daktari wa wanyama aliyekuwa zamu, binti mmoja anaitwa Feddersen, alimtundikia dripu, akamfunika blanketi, akauliza amekunywa nini na nani kampa. Nikamjibu kwamba ni bibi wa nyumbani. Akatuambia bila kumung'unya maneno kwamba mbwa mdogo hivyo, mwenye moyo ule, angechelewa kidogo angekufa, na kwamba kila mwaka wapumbavu wa aina yetu humletea mmoja. Fiete alilala kwake siku mbili.

Tuliporudi nyumbani, Jochen alimfokea mama yake mbele ya wageni, nami nikasimama kando navua koti. Mama Irmtraud ana miaka themanini na minne, na siku hizi anasahau. Majuzi tulikuta miwani yake kwenye friji. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akasema hakumbuki kabisa, lakini kama sote tunasema ni yeye, basi atakuwa ni yeye. Akalia. Tangu siku ile hali nasi mezani, anaogopa hata kumgusa mbwa. Na juzi Jochen amepiga simu kwenye makao ya wazee. Anasema mtu anayelewesha mbwa leo, kesho ataacha jiko linawaka. Wamemwambia chumba kipo, kuanzia Februari.

Volkmar, hakuwa yeye. Mama Irmtraud hafiki juu ya kabati lile hata akipanda kiti, na Jochen angefikiri dakika moja tu angelijua hilo. Ni mimi. Kipindi kile cha televisheni tunachokitazama kila mwaka, tunachokijua neno kwa neno, kilikuwa karibu kuanza, nami nilitaka kukitazama kwa utulivu. Hilo tu. Usidhani nilimwonea huruma, nilikuwa nimemchoka. Niliishusha chupa, nikampa kijiko kimoja, nikangoja. Nikampa cha pili, cha tatu, cha nne. Alilamba kwa adabu, kama mtu anayepewa dawa. Kisha nikakiosha kijiko mara mbili kwa maji ya moto, nikarudi sebuleni, na nikacheka pale pale tunapocheka kila mwaka.

Na bado sijafika mwisho. Kuhusu sweta, kwenye karatasi yako uliandika neno moja na kulipigia mistari miwili: lisifuliwe. Nililifua. Ilikuwa tarehe thelathini, wageni wanakuja kesho yake, na lilinuka mbwa, lilinuka jasho, lilinuka ile dawa ya kifua aliyokuwa akijipaka Antje. Nililibeba kwa vidole viwili. Nikajiambia mbwa hawezi kujua. Nikalitia kwenye mashine, maji ya digrii sitini, na sabuni ya maua. Limetoka dogo, sasa lingemwenea mtoto wa miaka mitatu. Sikukuu za kabla ya hizi, za kwanza bila Antje, uliniambia Fiete alilala juu ya sweta hilo mpaka asubuhi na milio yote hakuisikia. Safari hii nilimwekea kikapuni kitambaa kinachonukia duka. Alikuwa akimtafuta mtu wake, ndicho kilio nilichotaka kukizima. Na najua, mdogo wangu, si Fiete peke yake aliyekuwa akilinusa.

Nimeandika hapa juu mengi ya kuchefua, ngozi ya bata, Brammer, matapishi langoni. Niliyaandika kwa raha kabisa, nikijua ninakokwenda na nikichelewa kufika. Hakuna hata moja kati ya hayo linalonitia kinyaa kama mkono wangu mwenyewe uliokishika kijiko.

Barua hii, mpaka hapo, nimeisoma asubuhi hii kwa sauti mezani. Nilimwomba Mama Irmtraud aje aketi nasi, akaja. Jochen aliinamia sahani yake. Mama Irmtraud aliuliza vilikuwa vijiko vingapi hasa. Nikasema vinne. Akatikisa kichwa, akasema mbwa wake wa zamani, Waldi, alikuwa akimpa nusu kijiko, nusu tu, na kwamba hilo analikumbuka vizuri sana. Kisha akamgeukia mwanawe akamwambia, "Haya, wewe, wapigie tena simu." Jochen akapiga pale pale, amesimama kama mtoto wa shule. Chumba hakitakiwi tena. Mimi bado hajanisemesha.

Ukiruhusiwa kutoka, usimtume mtu kuja kumchukua Fiete. Nitamleta mwenyewe, uniseme uso kwa uso, na ukitaka nisikanyage tena kwako nitakuelewa. Kwa sasa analala miguuni pa Mama Irmtraud, kwa hiari yake mwenyewe. Chakula anakubali kutoka kwangu, ila akiona nimeshika kijiko ananigeuzia mgongo.

Nisalimie wagonjwa wenzako na yule muuguzi unayemsifu. Usiache mazoezi ya kupumua, na tafadhali usinijibu kabla kifua hakijatulia.

Sweta sikulitupa. Limo kikapuni, nimelikunja. Kila asubuhi Fiete analinusa, analinusa tena, kisha anainua kichwa na kunitazama.

Dada yako,
Gudrun