Mpaka wa Tata na Kuku wa Mwijage

Kamachumu,
Bukoba,
Ziwa Magharibi.
16 Septemba 1969

Mpendwa mdogo wangu Apolinary,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Maulida na mtoto, na kwamba joto la Tanga mmeshalizoea. Kifua chako je? Uliandika kwamba vumbi la katani linakusumbua. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamuuma akipanda kutoka kisimani, lakini kupumzika hataki. Mimi bado nafundisha darasa la tatu, na watoto ni wengi kuliko madawati.

Naandika kwa Kiswahili ili wifi asome mwenyewe, asitegemee tafsiri zako. Nakufahamu, utamrukia nusu.

Mvua zimewahi kidogo. Ndizi zipo, na kahawa tumekwisha kuipeleka chama cha ushirika. Balozi wetu wa nyumba kumi, Kagaruki, anaitisha mkutano wa Ujamaa karibu kila wiki, na watu wanahudhuria vizuri kwa sababu baada ya mkutano huwa kuna rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Haya, sasa ile barua uliyomwandikia Tata (wifi, ndivyo tunavyomwita baba yetu). Nisamehe nimechelewa kujibu, nilitaka kwanza mambo yafike mwisho. Uliambiwa na Rweyemamu alipopita huko kwamba Tata ameacha Kanisa na kuhamia kwa Walutheri, nawe ukaandika kurasa mbili za moto. Nilicheka kidogo, maana mwandishi mwenyewe alifunga ndoa bomani, na sijui magoti yake yaligusa sakafu ya kanisa lini. Lakini sikulaumu. Hata sisi tunaolala naye nyumba moja tulikosea vilevile.

Sababu tulikuwa nazo. Pasaka ya mwaka jana, watu wote walipokwenda kupokea komunyo, Tata alibaki kwenye benchi. Tukadhani amevunja mfungo kwa kula kitu asubuhi. Jumapili iliyofuata akabaki tena, na iliyofuata tena. Wakati huohuo akaanza kwenda jioni kukaa kwa jirani yetu Mwijage. Unamkumbuka Mwijage alivyokuwa mlevi. Siku hizi ni mlokole wa Kilutheri. Wenzake hukusanyika uani kwake kila Jumapili mchana, wanaimba, kisha mmoja mmoja anasimama na kutaja dhambi zake mbele ya watu, wake kwa waume. Tulipoyaweka mambo hayo mawili pamoja, tukaona Tata anaibwa.

Mama akaanzisha rozari ya kumrudisha. Kila jioni tuko magotini tunamwombea, naye yuko ng'ambo ya migomba anatafuna punje za kahawa na Mwijage. Tena Mwijage alikuwa na tabia ya kumsindikiza mpaka mlangoni, na Mama hakumwacha aondoke bila mabishano.

"Neema ni bure, Mama Klaudia," Mwijage anasema. "Huwezi kuinunua kwa shanga. Ukiamini, umesamehewa."

"Kama umesamehewa bure, kila Jumapili unapiga kelele za nini?"

"Ndiyo kutembea nuruni. Nyinyi mnamnong'oneza padre, mtu mwenye dhambi kama mimi, mkitoka mnaendelea na yenu."

"Kristo aliwapa mitume mamlaka ya kuondoa dhambi, hakuwapa majirani. Dhambi zangu si nguo za kuanika uani."

Katikati yao Tata ananyamaza. Kimya chake Mama alikihesabu upande wa Mwijage.

Nimesahau kuku. Mwijage alipookoka alizunguka kijiji akirudisha vitu. Mjomba wake alirudishiwa jembe, shule yetu ikarudishiwa bati. Kwetu alileta kuku mwekundu, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba ujanani alituibia kuku na sasa Bwana amemwagiza arudishe. Mama hakukumbuka kuku aliyepotea, lakini kuku ni kuku, akamkaanga. Tata alikula kipande kimoja, akaisogeza sahani. Hiyo ilikuwa Kwaresima, kabla ya Pasaka niliyoitaja.

Mwezi wa saba mwaka huu Tata alishikwa na kichomi, tukadhani tunampoteza. Padre aliitwa, akaja na mafuta matakatifu, wakafunga mlango. Baada ya muda Padre akatoka, na Tata hakuwa amepakwa wala kukomunika. Mama akamshika kanzu na kumwuliza kama mumewe amekwisha kuwa Mlutheri. Padre akajibu tu, "Mzee anayajua ya kwake. Mwombeeni," akawasha pikipiki yake. Nilimkasirikia sana. Mama alilia mbele ya wageni waliokuja kumwona mgonjwa, naye si mtu wa kulia mbele za watu.

Mungu akajalia, Tata akapata nafuu. Siku alipoweza kukaa barazani alituita mimi na Mama.

"Mnasali nirudi," alisema. "Nirudi kutoka wapi? Mimi si Mlutheri. Mimi ni mwizi."

Ndipo akatueleza. Mwaka ule Mwijage alipokuwa Uganda kwenye mashamba ya pamba, na baba yake amekwisha kufa, Tata aling'oa milamula ya mpakani na kuipanda ndani ya kibanja cha wenzetu. Wifi, kibanja ni shamba la migomba na kahawa la nyumba moja, na milamula ni miti midogo tunayopanda kutenganisha kibanja na kibanja. Ukichomeka tawi tu linashika, na likishashika ni kama mkataba. Kipande chenyewe si kikubwa, lakini ndicho chenye migomba minene na ule mstari wa kahawa ulio karibu na njia. Miaka yote aliungama mengine akaliruka hilo. Kuku wa Mwijage ndiye aliyemwamsha. Akamweleza Padre, na Padre akamwambia kwamba hawezi kumpa maondoleo huku ardhi ya watu anaishikilia. Aazimie kuirudisha, ndipo arudi.

"Na kuirudisha lazima nimwambie Mwijage," Tata akasema. "Padre ana masikio, mdomo hana. Mwijage ni mdomo mtupu. Jumapili ingefika angesimama pale uani na jina langu, na Kamachumu nzima ingejua."

Kwa hiyo kila jioni alikuwa anakwenda kumwambia, akifika wanatafuna kahawa, anarudi nalo. Hata alipodhani anakufa hakuweza kumwambia Padre kwamba atarudisha, kwa sababu moyoni hakuwa na hakika, na kumdanganya Mungu kitandani aliogopa.

Mama alitoa rozari yake, akaitazama. Kisha akasema, "Kumbe rozari zote zile nilikuwa naomba jambo jingine."

"Hazikupotea," Tata akamjibu.

Kesho yake nilimshika mkono tukaenda. Hakukaa wala hakupokea kahawa. "Waitu, ndugu yangu Mwijage, mpaka wetu si ule aliouacha baba yako. Niliusogeza mimi, wewe ukiwa Uganda." Mwijage alitazama chini. Hakusali, hakusema hata Bwana asifiwe. Alisema, "Nimesikia, Mzee," akachukua jembe. Milamula ikarudi mahali pake siku ileile, Kagaruki akiwa shahidi. Kagaruki alitueleza kwanza kwamba ardhi yote ni mali ya taifa na ubinafsi hauna faida, kisha akapima mpaka kwa miguu yake mwenyewe, akarudia, maana kibanja chake kinapakana na hapo.

Jumapili ikafika. Tata alijifungia ndani. Mama na mimi tukaingia kwenye migomba eti kukata majani, na kutoka pale tuliona ua wote. Zamu ya Mwijage ilipofika tuliacha kukata majani.

Hakutaja jina la mtu. Alisema kuna mwenzake aliyemchukulia ardhi, naye alijua tangu aliporudi Uganda kwa sababu mama yake alimwonyesha mpaka wa zamani. Alipookoka alitangaza kwamba amesamehe wote, lakini huyo hakumsamehe. Akatafuta namna ya kumchoma. Akanunua kuku sokoni, akampelekea, akijisingizia kwamba aliwahi kumwibia, ili mwenziwe aone aibu. "Nilidanganya katika toba," alisema, "nanyi ndugu zangu mkaniimbia." Akakaa. Hawakuanzisha wimbo upesi siku hiyo.

Mama akaninong'oneza, "Basi tuna deni la kuku." Asubuhi alikamata tetea wake anayetaga vizuri, akampelekea Mwijage mwenyewe. Alikaribishwa kiti, na nilipomfuata walikuwa wamekwisha kufika kwenye ubishi wao wa neema.

Juzi Jumapili Tata aliungama, na wakati wa komunyo akaenda mbele na fimbo yake, Mama nyuma yake. Apolinary, nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti cha ualimu.

Yamebaki mawili yanayokuhusu wewe. La kwanza, kibanja utakachorithi kimepungua, na kilichopungua ndicho kilichokuwa kizuri. Tata ameniagiza niongeze kwamba alisogeza mpaka ule wakati wewe ulipofaulu kwenda sekondari, na kahawa ya mstari ule ndiyo iliyolipa ada yako yote. Alisema, "Mwambie asione aibu. Dhambi ni yangu, elimu ni yake."

La pili ni hiyo barua yako. Macho ya Tata hayasomi tena, na ilifika akiwa na kichomi. Akaniomba nimsomee. Nilimsomea salamu, halafu nikaikunja. Akauliza, "Hayo tu?" Nikajibu hayo tu. Akasema mtoto huyu tangu zamani hana maneno mengi, akaiweka chini ya mto. Mpaka leo iko pale, na mgeni akija anaitoa na kumwonyesha kwamba mwanawe wa Tanga anamkumbuka. Kila akiitoa naomba mgeni awe hajui kusoma. Andika nyingine, mdogo wangu. Hiyo nitamsomea mpaka mwisho.

Mama anakusalimu na anamwulizia mjukuu kama ameanza kutembea. Kagaruki anakusalimu kwa niaba ya nyumba zote kumi. Mwijage naye anasema Bwana asifiwe, mjibu upendavyo. Mbusu mtoto, na mpe wifi mkono wangu. Mungu awalinde safarini na nyumbani, na akurudishe hapa Tata akiwa bado anaweza kukuonyesha mpaka kwa mkono wake.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Klaudia