Nilikunyima Cheti cha Kifo

Loti, mdogo wangu uliyelala chini ya kahawa,

Daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi kwake. Ameniambia nipumzike nyumbani na nile ninachokitamani. Mke wangu Naomi aliposikia hivyo alitoka nje kwenda kukagua migomba ambayo haikuhitaji kukaguliwa. Nimeelewa. Basi nakuandikia ningali naweza kushika kalamu.

Unaukumbuka mwaka nilioanguka mtihani wa darasa la saba. Wakati ule aliyeanguka hakuwa na nafasi ya pili, isipokuwa arudie shule nyingine kwa jina la mtu mwingine. Baba alituita tukiwa tunaanika kahawa, akasema nitakwenda kusoma ng'ambo ya Usa River kwa jina lako. Ulikuwa darasa la sita, na akili ulinizidi. "Loti atangoja kidogo," alisema. Nilipofaulu, jina lako likaenda sekondari, nawe ukarudishwa kwa ng'ombe, kwa sababu jina moja halifaulu mara mbili. Hukulia. Uliniuliza tu kama viatu vya shule vinanibana.

Tangu hapo serikalini nikawa Loti, kijijini nikabaki Zefania. Nilipoajiriwa na kupanga chumba mjini, Kaloleni, ulikuwa ukiniletea maziwa na ndizi. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba alikuuliza jina, ukamjibu bila kusita kwamba unaitwa Zefania. Na siku wenzangu wa ofisini walipopanda huku mlimani kumtafuta Loti, ulitoka zizini na samadi miguuni ukawaambia, "Kama ni Loti wa mshahara, yuko ndani. Mimi ni Loti wa ng'ombe." Walicheka sana. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Kazi yangu ilikuwa utumishi. Niliandaa mafao ya wanaostaafu, na ya waliokufa kabla ya kustaafu. Wajane waliokuja na majina yasiyolingana niliwarudisha makwao. Niliwaeleza kwa upole kwamba taratibu ni taratibu, wakatafute kiapo mahakamani. Wengine hawakurudi tena. Nilikuwa nikisema hayo nimekalia kiti chako.

Nikastaafu kwa umri wako. Jina lako lilipotimiza sitini, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapita. Mkupuo wa kustaafu, zile fedha za mara moja, ukaezeka hii nyumba, na pensheni ya kila mwezi ikawa dawa zangu na chakula cha Naomi. Hayo yote uliyajua, wala hukuwahi kunisimanga.

Hili la sasa hulijui. Ulipokufa tulikuzika kwa heshima. Mwinjilisti alisoma wasifu wako, mimi nikatangulia kutupa udongo. Lakini sikukuandikisha. Cheti cha kifo kikitoka, Loti amekufa na serikalini pia, na pensheni inakoma. Mkeo Elinami aliniomba nimfuatilie cheti hicho, maana mimi ndiye ninayezijua ofisi. Nikamwambia avute subira, ofisini kuna foleni.

Udongo wa kaburi lako ulikuwa haujatulia niliposhuka mjini kwenye uhakiki wa wastaafu. Kijana wa dirishani alitazama picha, akanitazama mimi.

"Shikamoo, mzee Loti. Bado upo?"

"Marahaba. Bado nipo."

Nikaweka dole gumba.

Nilikuwa na hesabu yangu, na hii ndiyo inayonitia aibu kuliko uongo wenyewe. Nilisema moyoni kwamba na mimi siko mbali. Nikifa, watamwandikisha Loti, na cheti kimoja kitatutosha sote wawili. Kumbe jirani yako wa bondeni hakuwa na muda wa kunisubiri. Ameng'oa masale, ile mimea ya mpaka, na kupanda maharage hadi katikati ya kahawa yako. Elinami alikwenda baraza la kata. Wakamwambia shamba ni la Loti, aje Loti mwenyewe, au alete cheti cha kifo ateuliwe msimamizi wa mirathi. Alikuja kwangu, akakaa kwenye benchi bila kugusa chai.

"Baba mkubwa," alisema, "wanasema mume wangu ni mzima. Sasa niwaambie yuko wapi?"

Siku ile nilijifanya nimeshikwa na kikohozi. Jana nikamwita, nikamweleza yote mbele ya Naomi, tangu siku ya kuanika kahawa. Naomi aliuliza tutakula nini. Elinami aliuliza jambo moja tu.

"Yeye alikubali?"

"Jina alinipa," nikasema. "Kifo chake nilikichukua mwenyewe."

Jumatatu mkwe wangu atatupeleka mjini kwa gari lake. Nitamwambia yule kijana wa dirishani kwamba Loti amekufa, na kwamba aliyekuwa akimwamkia ni mtu mwingine. Watakalonifanya sijui. Mwili huu hauna tena cha kufungwa, lakini Naomi atabaki na njaa niliyomtengenezea mimi, na hilo halina dawa.

Elinami amesema tutakwenda pamoja. Ila atakaa kiti cha nyuma, na nisimsemeshe njiani.

Pumzika sasa, mdogo wangu. Hutaitwa tena dirishani.

Kaka yako mkubwa